Deheni

Watu husifu tanga. Mimi nasifu tumbo la chombo, mahali ambapo abiria wa Mafia hapatazami kamwe. Maji ya bamvua yakitoka Nyamisati, wanakopandia, na mashua ikalala ubavu kwenye tope, ndipo siri zake zinapoonekana: ukoga unaoteleza, magamba yanayochana kiganja, na vitundu vidogo kama vya sindano. Vya kuogopwa ni hivyo vitundu. Mdudu huingia akiwa mchanga, akanenepea humo humo, na ubao ukabaki mzima kwa nje huku ndani ni mapango matupu.

Fundi hukwangua, huosha, hupitisha moto wa makuti chini ya mbao bila kuunguza kalafati. Kisha deheni: chokaa iliyozimwa na shahamu iliyoyeyushwa, vikandwe mpaka vishikane. Kiganja ndicho brashi, maana ndicho kinachojua maungio. Chokaa na shahamu zikikutana huwa namna ya sabuni isiyoyeyuka majini. Neno deheni lenyewe ni la Kiarabu, na majahazi ya Ghuba yaliyokuja Rufiji kupakia boriti za mikoko, kama lile la Kuwait alilokuja nalo baharia na mwandishi Alan Villiers mwaka 1939, nayo yalipakwa shahamu na chokaa. Deheni hubanduka upesi, ikabidi irudiwe. Kasoro hiyo mimi naiita heri: inalazimisha chombo kitazamwe.

Rangi nyekundu ya dukani, ile yenye shaba, hudumu zaidi, sibishi. Lakini inataka ubao mkavu, na saa sita za maji kupwa hazikaushi ubao juu ya tope. Anayeitaka aivute mashua nchi kavu. Halafu akumbuke kwamba ni sumu, ndiyo kazi yake. Asiikwangue kavu akavuta vumbi. Ailoweshe, avae glavu na barakoa, atandike turubai maganda yasidondoke kwenye mikoko, wanakokulia kamba na kaa tunaowala. Rangi nyingine za sumu, zile zenye bati, ziliwaotesha konokono majike wa baharini viungo vya kiume, mpaka mkataba wa kimataifa wa 2001, ulioanza kutumika 2008, ukazipiga marufuku. Chokaa nayo si ya mchezo: anayepaka deheni alinde macho.

Ukishuka Nyamisati kupanda mashua, kabla ya kuuliza nauli, muulize nahodha mara ya mwisho ilipakwa lini.