Nani Ameshika Swichi? Teknolojia katika Riwaya ya Distopia

Mwanafunzi mwenzangu alinipa sura tatu za riwaya anayoiandika. Mandhari yake ni Kampala ya mwaka 2045: droni zinasoma mawazo ya watu, polisi ni wa chuma, na kila raia amepandikizwa kifaa kichwani. Lugha yake niliipenda, lakini sikuogopa hata kidogo. Niliporudia kusoma The Handmaid's Tale ya Margaret Atwood, iliyotoka mwaka 1985, ndipo nilipoelewa kwa nini.

Atwood hatumii mashine ya ajabu. Anachukua jambo lililokwisha kuanza katika zama zake, yaani pesa zinazohifadhiwa katika kompyuta, kisha analisogeza hatua moja mbele: noti zimeondolewa na kila mtu ananunua kwa kadi. Siku moja msimuliaji anakwenda kununua sigara, namba yake inakataliwa. Anadhani ni hitilafu ndogo. Siku hiyohiyo anaachishwa kazi pamoja na wanawake wenzake, kisha rafiki yake Moira anamweleza kwamba akaunti zote zenye alama ya mwanamke zimefungwa. Pesa zake sasa ziko chini ya mumewe. Kazi yote imefanywa na herufi moja katika kompyuta.

Msomaji wa Uganda hahitaji kueleweshwa hapa. Tarehe 18 Februari 2016, siku ya uchaguzi mkuu, mitandao ya kijamii ilizimwa, na huduma za pesa kwa simu nazo zikazimwa. Nilikuwa shule ya msingi. Pesa zetu za chakula zilikuwa ndani ya simu ya mama, na wakala alikuwa ameketi kibandani mwake, anatikisa kichwa tu. Tulikopeshwa unga na jirani. Waliojua VPN waliendelea kuandikiana Facebook, lakini VPN haikuweza kumrudishia mama pesa zake, kwa kuwa huduma hiyo hupita katika mtandao wa kampuni ya simu yenyewe. Tofauti hiyo ndogo, kwamba upenyo mmoja unafunguka na mwingine haufunguki, ndiyo ambayo mwandishi wa distopia anapaswa kuitafuta. Droni inayosoma mawazo haina upenyo wowote, kwa hiyo wahusika hawana la kufanya na msuko unalala.

George Orwell alilijua hilo. Katika Nineteen Eighty-Four (1949) runinga inamtazama mtazamaji, lakini ni mara ngapi inamwangalia mtu mmoja mmoja ni jambo la kukisia tu. Inatosha kwamba Winston hajui ni saa ngapi anaangaliwa. Tena watu wa tabaka la chini, walio wengi kabisa, kwa kawaida hawana runinga hizo nyumbani. Utawala haukuona haja ya kugharamia. Nadhani hapa ndipo waandishi wetu chipukizi wanapokosea zaidi: wanagawa teknolojia ya kesho kwa usawa, kana kwamba mwaka 2045 kitochi kitakuwa kimetoweka Karamoja na umeme haukatiki.

Kuna atakayeniuliza kuhusu Walenisi ya Katama Mkangi (1995), ambamo Dzombo anarushwa angani katika chombo ambacho hakuna fundi angekithibitisha. Ni kweli, na riwaya ile naipenda. Lakini chombo kile ni mlango tu wa kumfikisha mhusika katika nchi nyingine, ili tuione yetu kwa kejeli. Mkangi hatutaki tukiamini. Rafiki yangu anataka tuziamini droni zake, kwa hiyo lazima azilipie.

Nilimrudishia sura zake na pendekezo moja. Abakishe kifaa cha kichwani, ila kisisome mawazo. Kiwe ndicho kitambulisho na pochi, na siku moja kikatae kumlipia mhusika nauli ya teksi pale Wandegeya, huku abiria nyuma yake wakimpigia kelele kwamba anawachelewesha. Alinuna. Alisema hiyo si riwaya ya wakati ujao, hiyo ni wiki iliyopita. Nikamwuliza droni zake zinachajiwa wapi na nani analipa bili. Hajanijibu mpaka leo, ila nasikia sura ya nne ameianza upya.