Padmavat na Ngome ya Chittor

Utungo ukishapendwa na watu, aghalabu huacha kuulizwa asili yake. Ndivyo ilivyoipata Padmavat, kisa kirefu cha mapenzi alichokitunga Malik Muhammad Jayasi mwaka 1540 kwa lugha ya Kiawadhi, kaskazini mwa Bara Hindi. Jayasi alikuwa Mwislamu mfuasi wa usufi, na nakala kongwe za utungo wake zimeandikwa kwa hati ya Kiajemi, mfano wa malenga wa Pate na Lamu waliokiandika Kiswahili kwa hati ya Kiarabu.

Kisa chenyewe ni hiki. Kasuku mjuzi, Hiraman, alimsifia Ratansen, mfalme wa Chittor, uzuri wa Padmavati, binti wa mfalme wa kisiwa cha Singhala. Mfalme akavaa nguo za ufukara, akavuka bahari, akamwoa na kurudi naye. Brahmani mmoja aliyefukuzwa Chittor akazipeleka sifa za bibi huyo kwa Alauddin Khalji, Sultani wa Delhi, naye akaizingira ngome ili amtwae. Ratansen aliuawa na Devpal, mfalme mwenziwe wa Kihindu. Wake zake wakajitia motoni pamoja na maiti yake. Sultani alipoingia, alipata majivu.

Uzito wa utungo umo katika mwisho huo. Jayasi alimpa Sultani mji akamnyima alichokijia, na hakugawa wema na uovu kwa mizani ya dini: mchongezi ni Brahmani, muuaji ni Mhindu, mwenye tamaa ni Mwislamu. Safari ya Ratansen ni safari ya nafsi imtafutayo Mpenzi wake, kama masufi waijuavyo.

Ngome nayo ina habari zake. Imesimama Mewar, katika Rajasthan ya leo, juu ya kilima cha mita 180 hivi. Alauddin aliiteka mwaka 1303. Amir Khusrau, malenga mkubwa wa Delhi, alikuwamo katika msafara huo na akauandika, Padmavati hakumtaja. Jayasi alitunga miaka 237 baadaye. Warajput wa ukoo wa Sisodia waliirejesha ngome katika karne ya 14, na katika karne ya 15 Rana Kumbha akajenga Mnara wa Ushindi wenye ghorofa tisa, ambamo hata jina la Allah limechongwa kwa Kiarabu. Mwaka 1535 ilitekwa na Bahadur Shah wa Gujarat, na mwaka 1568 na Akbar.

Washairi wa Rajasthan walikichukua kisa wakakifanya cha ukoo. Kisha James Tod, ofisa Mwingereza, akakitia katika kitabu chake cha tarehe ya Warajput kilichoanza kuchapishwa mwaka 1829, na tangu hapo wengi wakakisoma kama habari iliyotukia. Mwaka 2017, watu waliodai kuilinda heshima ya Warajput walivamia mahali palipopigwa filamu ya kisa hiki mjini Jaipur, kabla haijakamilika. Na mwaka 2018 ilibidi Mahakama Kuu Kabisa ya India iamue ndipo ionyeshwe nchini kote.

Kumpenda Padmavati si kosa. Kosa ni kumfanya pazia. Abul Fazl, mwandishi wa Akbar, baadaye aliandika habari za moto ulioonekana ngomeni usiku ule wa mwaka 1568, moto wa wanawake wa Warajput, na za mauaji yaliyofuata, ambayo hukadiriwa kuwa ya watu 30,000, wakiwamo wakulima wengi waliokimbilia humo kujihifadhi. Hao waliishi kweli na walikufa kweli. Hawana kasuku wa kuwasifu, wala hakuna aliyevamia mahali kwa ajili yao. Moto ambao katika utungo ni pumziko la wapendanao, ngomeni ulikuwa nyama na mifupa.

Jayasi hana lawama, kwani hakudai kuandika tarehe. Mzigo uko kwa wasomaji. Atakayeupanda mlima wa Chittor na Padmavat moyoni, naaulizie pia majina ya waliozikwa bila utenzi. Na akikosa wa kumjibu, basi ajue kwamba majivu aliyoyataja mshairi ni machache kuliko yaliyomo chini ya miguu yake.