Kuongeza Bila Kupokonya

Kufunga vishikio vya joto kwenye pikipiki huonekana kazi ndogo kwa anayepita njiani. Fundi anavua mipira miwili ya usukani, anavisha mingine yenye nyaya za joto ndani yake, anaunganisha umeme, mwenye pikipiki anawasha na kuondoka. Mimi naihesabu miongoni mwa kazi zinazomfunua fundi alivyo. Pikipiki ni chombo kilichokwisha kupangwa: umeme wake una wenyewe, nafasi yake ina wenyewe, kila waya una njia yake. Anayeleta kitu kipya humo ana wajibu wa kuongeza bila kupokonya, na wajibu huo, ukiutazama kwa karibu, ni mzito kuliko spana zote zilizomo katika sanduku lake.

Anayedhani kwamba baridi ni habari ya Ulaya peke yake hajaendesha pikipiki Makete, nchini Tanzania, alfajiri ya mwezi wa Julai. Uwanda wa Kitulo wa huko uko karibu mita 2,600 juu ya usawa wa bahari, na katika miezi ya kipupwe umande wake huganda ukawa mweupe juu ya majani. Njombe inajulikana kwa baridi yake nchi nzima. Nchini Kenya, watu wa Limuru na Kinangop huamka ndani ya ukungu, na bodaboda wa huko huvaa makoti mazito, kofia za kuziba uso na glavu, kisha huvisha usukani mifuko ya ngozi au ya turubai ili upepo usipige mikono. Vishikio vya joto vimezoeleka zaidi katika nchi za theluji, ambako baadhi ya pikipiki hutoka navyo kiwandani. Huku kwetu bado ni kifaa cha wachache, lakini haja yake tunayo, na mafundi wa kukifunga tunao.

Baridi ya mwendesha pikipiki haifanani na ya mtu aliyesimama. Hewa ikiwa nyuzi 10 za Selsiasi na pikipiki ikikimbia kilomita 60 kwa saa, hesabu za baridi ya upepo huonyesha kwamba ngozi iliyo wazi hupoteza joto kana kwamba hewa ni nyuzi 5. Hewa yenyewe ikishuka hadi nyuzi 5, ngozi hiyo huhisi baridi iliyo chini ya sifuri. Mwili hujibu kwa kuokoa vya ndani kwanza: mishipa midogo ya vidole hujibana, damu hubaki kifuani na tumboni, vidole hufa ganzi. Na vidole ndivyo vyenye kazi. Breki ya mbele, inayobeba sehemu kubwa ya kazi ya kusimamisha pikipiki, imo katika vidole vya mkono wa kulia. Klachi imo katika vya kushoto. Kwa mwendo huo wa kilomita 60, pikipiki hula karibu mita 17 kila sekunde. Vidole vikichelewa nusu sekunde kutii, mita nane zimekwenda, na mita nane ndani ya ukungu zinatosha kumfikia mtoto anayekwenda shule. Joto la vishikio hulinda hisia za mkono, na bila hisia hizo hakuna kuendesha.

Fundi mwaminifu huanza hapo hapo, kabla ya kuuza chochote. Atamwambia mteja: kinga upepo kwanza, kisha ongeza joto. Mfuko wa usukani huzuia upepo lakini hauzai joto. Kishikio huzalisha joto, lakini upepo mkali hulinyakua mgongoni mwa mkono kabla halijafika vidoleni. Vikikutana viwili hivyo, umeme mdogo hutosha. Ushauri huo unaweza kumpunguzia fundi faida ya siku, naye anautoa. Kwangu, ufundi umeshaanza, hata kama hakuna nati iliyolegezwa.

Joto lenyewe halina uchawi. James Prescott Joule, mtoto wa familia ya watengeneza bia huko Uingereza, alionyesha miaka ya 1840 kwamba umeme ukipita katika waya unaoukinza huzaa joto, na joto hilo hufuata kanuni: mkondo ukiwa maradufu, joto huwa mara nne. Mwaka 1906 Mmarekani Albert Marsh alipata hataza ya mchanganyiko wa nikeli na kromi, waya unaowaka bila kuungua haraka kwa kutu. Waya wa aina hiyo ndio uliofanikisha vibaniko vya mkate, na jamaa zake wamo katika vishikio vingi vya leo. Katika vingine kuna utando mwembamba uliochapwa njia za umeme. Fundi wetu huenda hajalisikia jina la Marsh, lakini kanuni ya Joule anaitumia kila siku mkononi.

Itazame hesabu yake. Chukua vishikio viwili, kila kimoja kikiwa na ukinzani wa omu 8, kwa umeme wa volti 12. Ukiviunga sambamba, kila kimoja kinapata volti zote 12 na kuvuta ampea 1.5, kwa pamoja ni ampea 3, yaani wati 36. Ukiviunga kwa mfululizo, mkondo mmoja ukipita cha kwanza kisha cha pili, ukinzani unakuwa omu 16, mkondo unashuka hadi ampea 0.75, na joto lote linakuwa wati 9: robo kamili ya lile la kwanza. Kwa hiyo swichi moja inayobadili mpangilio wa nyaya zile zile humpa mwendeshaji joto kali na joto la wastani, bila kifaa kingine cha ziada. Seti nyingi za kisasa hutumia elektroniki inayokata na kurudisha umeme kwa haraka ili kupata ngazi nyingi zaidi. Nazipenda, lakini ule mpango wa zamani wa sambamba na mfululizo una uzuri ambao sijauona ukichuja, kwa sababu akili yote imo ndani ya mpangilio.

Sasa swali kubwa: wati 36 hizo zinatoka wapi? Hapa ndipo fundi anapotengana na mfungaji. Dinamo ya pikipiki nyingi ndogo, zile za cc 100 hadi 150 zinazobeba abiria na magunia yetu, hutoa umeme wa wati mia hivi, nyingi chini ya hapo, na huo ni umeme wa injini inayozunguka vizuri, si wa injini inayonguruma taratibu kwenye foleni. Taa kubwa inataka wati 35. Taa ya nyuma inataka 5, na breki ikikanyagwa inaongezeka 21. Plagi lazima iwake. Betri lazima ipate haki yake, la sivyo kesho stata haitageuka. Fundi hukaa mbele ya umeme huo kama mama anayepakua chungu kisichojaa: kila sahani anaijua mwenyewe, na hakuna atakayelala njaa kwa sababu mgeni amekuja. Zaidi ya hayo, kila chombo kwa wimbile. Katika pikipiki nyingi ndogo za mtindo wa zamani taa kubwa hula moja kwa moja kutoka kwenye dinamo bila kupitia betri, kwa hiyo umeme unaofika kwenye betri ni mdogo kuliko hesabu ya jumla inavyodai. Fundi asiyelijua hilo atafunga vishikio vizuri kabisa, na betri itakufa polepole bila mtu kujua sababu. Anayelijua hubadili taa za balbu ya zamani kuwa za LED pale inapofaa, au humshauri mteja kuchagua vishikio vya wati chache, au husema waziwazi kwamba pikipiki hii haiwezi.

Akishajua umeme upo, anaupa njia. Kuna njia fupi inayovutia: kuuiba kwenye waya wa taa ya nyuma, kwa kuwa huo huwaka na kuzimika na ufunguo. Lakini waya huo ulikatwa unene wa kulisha taa ndogo. Ukiubebesha ampea 3 zaidi, utapata moto, volti zitashuka, na taa itafifia nyuma ya mtu anayefuatwa na malori. Fundi mwema huweka rilei, yaani swichi inayoamriwa kwa umeme. Waya mwembamba wa taa hupewa kazi ya kuamuru tu, ukivuta mkondo kidogo kwenye miguu ya rilei ya 85 na 86. Mzigo wenyewe hutoka kwenye betri kwa waya mnene, ukaingia 30 na kutokea 87. Ufunguo ukizimwa, kila kitu kimezimika, na mwenye pikipiki aliyesahau swichi hatakuta betri tupu asubuhi. Fyuzi ya ampea 5 inakaa karibu kabisa na betri, kwa sababu fyuzi hulinda waya ulio mbele yake. Ukiiweka mwisho wa safari, waya mzima kabla yake umebaki bila mlinzi.

Kisha mikono miwili, ambayo macho yanaiona sawa na kazi inaikuta tofauti. Kishikio cha kushoto kinakaa juu ya chuma cha usukani, na chuma hunyonya joto. Cha kulia kinavikwa juu ya kibomba cha plastiki cha mafuta, na plastiki hulizuia joto lisipotee. Ukifunga bila kufikiri, mkono wa kulia utaungua na wa kushoto utalalamika. Ndiyo maana baadhi ya watengenezaji hukipa cha kushoto wati zaidi, na fundi asiye na seti ya aina hiyo hukivisha chuma tabaka jembamba la mpira wa kusinyaa kwa moto kabla ya kuvisha kishikio. Upande wa kulia, kibomba mara nyingi kina mbavu ndogo za plastiki zinazopaswa kusawazishwa kwa tupa na msasa, kidogo kidogo, hadi kishikio kiingie kwa kubana bila kulazimishwa.

Upande huo una jambo jingine ambalo kwangu ndilo moyo wa kazi yote: kishikio cha mafuta huzunguka. Waya wake lazima uzunguke nacho, kwa hiyo unaachiwa kitanzi cha ulegevu. Ukiwa mfupi, utakatika. Ukiwa mrefu, utanasa kwenye mkono wa breki. Na kuna hatari iliyo kubwa kuliko zote mbili: waya ukikinza kishikio kurudi, injini itaendelea kuvuta wakati mwendeshaji ameachia. Fundi huvuta mafuta na kuachia, usukani ukiwa katikati, kisha umepinda kushoto hadi mwisho, kisha kulia hadi mwisho. Kila mara kishikio lazima kirudi chenyewe kwa nguvu ya springi. Hufanya hivyo kabla ya gundi, na hurudia baada ya gundi.

Gundi nayo inataka mtu aliyekwisha kuamua. Chuma kinafutwa kwa spiriti hadi mafuta ya zamani yaishe. Gundi ya haraka ikishapakwa, muda uliobaki ni wa pumzi chache tu. Kishikio kinaingia mara moja, mahali pake, na tundu la waya likiwa limeelekea upande ambao halitagusa mkono wa klachi. Kishikio kinachoteleza kwenye mkono wa mtu akishuka mlima ni hatari kuliko baridi. Baadaye nyaya hupitishwa pamoja na zile za kiwanda, mbali na injini na mbali na pembe za chuma. Viungio hubanwa kwa koleo la viungio au huchomelewa kwa risasi, hufunikwa kwa mpira wa kusinyaa, na hushikizwa ili mtikisiko usivunje waya pale risasi inapoishia. Kabla ya kila kiungo, waya huning'inizwa kidogo chini ili maji ya mvua yadondoke badala ya kuingia ndani.

Mwisho huja mita. Betri iliyojaa na kupumzika inasoma karibu volti 12.6. Injini ikiwashwa inapaswa kupanda, kwa kawaida kati ya 13.5 na 14.5. Fundi anawasha taa, anawasha vishikio hadi ngazi ya juu, anashika breki, na anasoma tena. Tarakimu hizo ndizo ushahidi kwamba mgeni ameketi na hakuna aliyepokonywa.

Ujuzi huu mwingi hapa kwetu haukupatikana darasani. Umepatikana chini ya miembe na kwenye vibanda vya mabati, kijana akishika taa huku mkubwa akikata waya. Nafurahi kwamba Tanzania, kupitia VETA, mamlaka ya ufundi stadi iliyoanzishwa mwaka 1994, ina utaratibu wa kuupima na kuutambua ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi. Cheti ni haki ya mtu anayejua. Lakini sisi wateja nasi tuna sehemu yetu, kwa sababu ndio tunaomharakisha fundi, ndio tunaomlipa kwa kishikio kinachoonekana na kukataa kulipia rilei isiyoonekana. Tukifanya hivyo tunamfundisha kuiba umeme kwenye waya wa taa ya nyuma.

Kwa hiyo ukitaka vishikio vya joto, muulize fundi wako swali moja kabla hajagusa bisibisi: umeme huu utautoa wapi? Akikujibu kwa hesabu ya pikipiki yako, mwachie ufunguo, mlipe anachostahili, na mpe siku nzima.