Mhariri Aliyemjua Msomaji Wake, na Siku Aliyoteleza



Wengi wetu tunaoishi Marekani tumeliona jarida la Cosmopolitan kwenye foleni ya kulipia dukani, tukageuza macho kwa kuwa watoto wako karibu. Hata hivyo, Helen Gurley Brown, aliyelipa sura ile, anastahili kupimwa kwa haki, mazuri yake na mabaya yake.

Alizaliwa Arkansas mwaka 1922. Baba yake alifariki yeye akiwa bado mtoto, naye akakulia katika dhiki. Alihama ofisi moja hadi nyingine akiwa katibu muhtasi, kisha akawa mwandishi wa matangazo ya biashara. Mwaka 1962 alitoa kitabu Sex and the Single Girl, akisema kwamba mwanamke asiyeolewa si wa kuhurumiwa. Mwaka 1965 kampuni ya Hearst ilimkabidhi Cosmopolitan, jarida lililokuwa likififia, ingawa hakuwahi kuhariri jarida lolote. Akalishika mpaka 1997.

Majarida makubwa ya wanawake ya wakati ule yalimwandikia zaidi mke na mama: mapishi, malezi na usafi wa nyumba. Yeye alimwandikia karani mwenye mshahara mdogo na chumba cha kupanga, kwa sababu yeye mwenyewe aliwahi kuwa karani huyo. Alimzungumzia kazi, pesa na mapenzi bila kumwonea haya. Wapo wanaosema alimfundisha tu kujipamba kwa ajili ya wanaume. Lawama hiyo ina ukweli, lakini mimi sioni kuwa ndilo kosa lake kubwa.

Kosa kubwa lilitokea Januari 1988. Jarida lilichapisha makala ya daktari wa magonjwa ya akili, Robert Gould, aliyewahakikishia wanawake kwamba hatari ya kupata UKIMWI kwa tendo la kawaida la mume na mke ni ndogo mno. Ama kuhusu Afrika, alidai kwamba wanaume wetu huwaingilia wanawake kwa ukatili. Wanawake wa kundi la ACT UP waliandamana New York kupinga. Brown aliitetea makala hiyo.

Sisi tunajua yaliyokuwa yakitokea. Tanzania iligundua wagonjwa wake wa kwanza mkoani Kagera mwaka 1983, na waliokufa ni pamoja na wake waliotulia majumbani mwao. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Kwa nini nalihesabu kosa hili kuliko mengine? Kwa sababu wasichana wale walimwamini. Alikuwa amejenga imani hiyo kwa kuwaambia yale ambayo wengine waliyaficha, na siku walipouhitaji ukweli mchungu, akawapa maneno ya kuwatuliza.

Brown alifariki mwaka 2012. Tumwige kwa kumjua msomaji wake, lakini tusimfuate katika kumbembeleza.