Upimaji Bora wa Maji Katika Migodi ya Makaa ya Mawe Hutambuliwaje?

Chini ya matabaka ya makaa ya mawe ya China Kaskazini umelala mwamba mnene wa chokaa wa enzi ya Ordovisi, wenye mapango na nyufa zilizojaa maji yenye shinikizo kubwa. Penye pango lililoporomoka, vifusi hujipanga kama nguzo inayopanda hadi kwenye makaa, na nguzo hiyo huweza kuwa mlango wa maji. Mwaka 1984, katika mgodi wa Fangezhuang mkoani Hebei, maji yaliyopita kwenye nguzo ya namna hiyo yalifikia mita za ujazo 2,053 kwa dakika. Hatari ya pili imeachwa na wachimbaji wenyewe: machimbo ya zamani yaliyojaa maji, ambayo ramani zake zimepotea au hazikuwahi kuchorwa. Machi 2010 maji ya machimbo kama hayo yaliingia katika mgodi wa Wangjialing, Shanxi, yakanasa watu 153. 115 kati yao waliokolewa hai.

Njia inayotumika sana kutafuta maji hayo kabla hayajafikiwa ni upimaji wa sumakuumeme. Koili ya waya yenye mizunguko mingi, ambayo kila upande wake una mita 2 hivi au pungufu, huelekezwa kwenye mwamba. Umeme hupitishwa, kisha hukatwa ghafla. Kukatika huko huamsha mikondo ndani ya mwamba: katika makaa na mwamba mkavu hufa upesi, penye maji yenye chumvichumvi hukawia. Koili ya kupokea hufuatilia kufifia huko kwa muda unaohesabiwa kwa mikrosekunde na milisekunde. Dalili za mwanzo ni za karibu, za mwisho ni za mbali.

Vipimo hivyo hugeuzwa kuwa picha ya rangi, lakini mkaguzi mzoefu haanzi nayo. Rangi ya buluu, ambayo kwa kawaida huonyesha ukinzani mdogo wa umeme, huweza kupanuliwa au kufinywa kwa kubadilisha mizani ya rangi tu, na ripoti mbili za vipimo vilevile zikatoa hofu tofauti kabisa. Kinachotazamwa kwanza ni grafu ghafi za kufifia. Zikishuka kwa ulaini, na zikarudia sura ileile kipimo kinaporudiwa mahali palepale, kazi ina msingi. Zikianza kuyumbayumba upande wa mwisho, taarifa za umbali huo ni kelele, na mpimaji mwaminifu huzikata hata kama picha yake itapungua urefu.

Jambo la pili, ambalo ndilo linalotenganisha fundi na mbabaishaji, ni chuma. Handaki la mgodi limejaa bolti za kushikilia dari, nyavu, reli, nyaya, mikanda ya kusafirishia makaa na mashine ya kuchimba yenyewe. Kwa kuwa koili iko ndani ya ardhi, uga wa sumaku hauendi mbele peke yake. Huenea pande zote, na mashine iliyo nyuma ya mpimaji huweza kuchorwa kama ziwa lililo mbele yake. Ripoti nzuri hutaja kila chuma kilichokuwapo na umbali wake, husema mashine ilirudishwa nyuma kiasi gani na umeme upi ulizimwa. Ripoti isiyo na orodha hiyo haifai kusomwa zaidi, hata iwe imechapishwa kwa uzuri gani.

Umbali unaodaiwa nao huonyesha mengi. Koili ndogo yenye mizunguko mingi huchelewa kutulia baada ya umeme kukatwa, hivyo mara nyingi mita 20 hivi za kwanza hazionekani vizuri. Upande wa mbali, gesi ya methani hulazimisha vifaa visivyoweza kutoa cheche, na nguvu ya umeme hubanwa. Karibu mita 100 mbele ni dai la kawaida. Anayeahidi mbali zaidi ya hapo anapaswa kuonyesha grafu zake.

Halafu tafsiri. Kifaa hakioni maji. Huona wepesi wa mwamba kupitisha umeme. Udongo wa mfinyanzi hupitisha umeme vizuri bila kuwa na hatari yoyote, ilhali machimbo ya zamani yaliyo matupu huonekana kuwa na ukinzani mkubwa kwa sababu yamejaa hewa. Hivyo mfasiri bora hulinganisha doa la ukinzani mdogo katika picha yake na mipasuko ya miamba inayojulikana, ramani za kale na viwango vya maji katika visima vya uchunguzi, na hakisii ujazo wa maji kutokana na ukubwa wa doa.

Mwisho hukumu hutolewa na mashine ya kuchoronga. Kanuni za China hutaka penye shaka papimwe kabla ya kuchimba, wala upimaji wa sumakuumeme hauruhusiwi kuchukua nafasi ya mashimo ya kuchoronga. Kazi ya upimaji huo ni kuonyesha mashimo yaelekezwe wapi. Timu inayostahili kuaminiwa huhifadhi matokeo ya kila shimo, likiwemo lililotoka kavu mahali ilipotabiri maji. Baada ya maji kuondolewa, hupima tena kutoka mahali palepale: maji yakitoka na hewa ikaingia, ukinzani unapaswa kupanda. Usipopanda, ama maji yangali yanaingia kutoka kwingine, ama doa lile halikuwa maji tangu mwanzo.