Orodha ya Maneno Haitoshi

Mwanafunzi akianguka mtihani kwa sababu ya Kiingereza, ushauri wa kwanza anaopewa ni kukariri maneno. Hununua daftari, akanakili maneno kumi kila siku, na mbele ya kila neno akaandika maana moja ya Kiswahili. Bidii hiyo ni njema, lakini njia yenyewe ina kasoro.

Chukua neno "power". Daftarini huandikwa "nguvu", basi. Kesho yake katika hisabati ni kipeo, katika uraia ni mamlaka, katika fizikia ni kasi ya kufanya kazi. Mtoto wa hapa Nyabusozi, ambaye mara nyingi Kiingereza kwake ni lugha ya tatu baada ya ile ya nyumbani na Kiswahili, atadhani ameelewa kumbe hajaelewa. Hilo ni baya kuliko kutojua, maana asiyejua huuliza.

Michael West alilitambua jambo hili. Orodha yake ya mwaka 1953, yenye maneno ya msingi yapatayo 2,000, ilionyesha pia kila maana ya neno hutumika kwa kiasi gani. Wanaonakili orodha za namna hiyo huchukua maneno, wakaziacha maana.

Mwaka 1984 Criper na Dodd walitoa ripoti juu ya Kiingereza katika shule zetu. Waliona kwamba wanafunzi wengi wa sekondari hawawezi kujifunza kwa lugha hiyo, hata hivyo wakashauri iendelee kufundishia. Mradi wa Uingereza uliofuata ulileta vitabu vyepesi vya kusoma. Hapo nausifu: neno linalokutwa mara nyingi ndani ya hadithi hukaa kichwani. Lakini hadithi nyepesi haimfundishi mtu "power" ya fizikia.

Kazi hiyo ni ya mwalimu wa somo, naye anahitaji Kiswahili. Kipeo na mamlaka kwetu ni maneno mawili. Kiingereza kimeyatia katika gunia moja. Mwalimu alifungue gunia kwa Kiswahili, kisha alitumie neno la Kiingereza katika sentensi, na mwanafunzi naye atunge yake. Anayemwadhibu mtoto kwa kusema Kiswahili darasani hamwongezei hata neno moja la Kiingereza. Humfundisha kunyamaza tu, na mtoto aliyenyamaza huwezi kujua amekwama wapi.