Sufuria, Msuko na Matembezi: Uhakiki wa Sanaa za Kila Siku Nakivale na Mbarara

Wahakiki wetu wamezoea kulipa neno "sanaa" makao matatu tu: kitabu, jukwaa na ngoma. Kilichomo humo hupimwa kwa fani na maudhui, huandikiwa makala na kutungiwa maswali ya mtihani. Kilichobaki nje huachiwa jina la "maisha ya kawaida", kana kwamba maisha ya kawaida hayana mtindo wala ladha. Katika makala haya twataka kuipinga mipaka hiyo kwa kuyatazama mambo matatu yawapayo watu furaha pasipo makelele: urembo, mapishi ya nyumbani na matembezi ya karibu. Mahali tulipopachagua ni makazi ya wakimbizi ya Nakivale na mji wa Mbarara, kusini-magharibi mwa Uganda. Tumepachagua kwa makusudi, kwa kuwa ni mahali ambapo msomaji hatarajii kuambiwa habari za furaha.

Nakivale ni miongoni mwa makazi ya wakimbizi ya zamani kabisa barani Afrika. Yalianza mwishoni mwa miaka ya 1950, na wakazi wake wa kwanza walikuwa Watutsi waliokimbia machafuko ya Rwanda. Mwaka 1960 yakatambuliwa rasmi. Leo yamo katika Wilaya ya Isingiro, iliyomegwa kutoka Wilaya ya Mbarara mwaka 2005, nayo yana watu zaidi ya laki moja: Wakongo, Warundi, Wasomali, Wanyarwanda, Waethiopia, Waeritrea na wengineo. Wengi wa wale waliotoka Mashariki ya Kongo walikuja na Kiswahili chao vinywani. Wengine wamekiokota sokoni na kisimani. Kwa hiyo mwalimu wa Kiswahili anayo kila sababu ya kupatazama.

Tuanze na jikoni. Mpishi wa Kikongo hutayarisha sombe, yaani majani ya muhogo, ambayo Mtanzania huyaita kisamvu. Majani hayo yana sumu yakiwa mabichi. Sharti yatwangwe kinuni, kisha yachemshwe kwa muda mrefu mpaka makali yaishe, ndipo yatiwe mawese, vitunguu na, uwezo ukiwapo, samaki wa chumvi. Tukiitazama kazi hii kwa jicho la uhakiki, twaona kwamba ina kanuni zake za fani: mpangilio wa hatua usiovurugika, kiasi kisichopitwa, na subira ambayo mlaji huitambua kwa tonge la kwanza. Wala maudhui hayakosekani. Isingiro ni nchi ya migomba, si nchi ya michikichi. Mawese sharti yaletwe kutoka mbali. Anayeyanunua kwa senti zake chache hanunui mafuta tu. Anadai kwamba chakula cha kwao bado kina haki ya kupikwa kama kipikwavyo kwao.

Jirani yake Msomali huchachusha unga usiku ili asubuhi amimine anjera juu ya kikaango. Mwenyeji wa Ankole, kwa upande wake, huisifia eshabwe: samli iliyopigwa kwa maji na chumvi ya mawe mpaka ikawa nyeupe na laini, ikaandaliwa ikiwa baridi pamoja na ugali wa ulezi, hasa katika sherehe. Vyakula hivi vitatu havifanani, lakini kila kimoja kina wajuzi wake wanaoweza kusema, "Hiki kimepikwa, na kile kimechemshwa tu." Maneno hayo ni hukumu ya kihakiki, tena hutolewa na watu ambao hawajawahi kuitwa wahakiki.

Twende sasa kwenye urembo. Msuko wa nywele ni kazi ya ulinganifu: mistari hupimwa kwa jicho na kwa ncha ya kitana, na kosa dogo karibu na paji la uso huonekana hadi utosini. Aidha ni kazi ya lugha. Watu wa pwani waliuita msuko mmoja "twende kilioni", jina lililobeba hadithi nzima kwa maneno mawili. Vitenge navyo, katika Kongo na kwingineko, hupewa majina na wauzaji na wavaaji kwa kufuata michoro yake, kama vile kanga za pwani zilivyobeba misemo yake. Mwanamke achaguaye kitenge cha kuendea kanisani, au Msomali achorwaye hina kwa ajili ya arusi, anafanya uteuzi kama ule wa mshairi ateuaye vina.

Hata hivyo mhakiki hasifu kila kitu. Ipo mikorogo na krimu za kuchubua ngozi, ambazo baadhi yake hutiwa zebaki au haidrokwinoni. Hizo zauzwa kwa jina la urembo, nazo huidhuru ngozi na mwili. Tofauti yake na msuko ni dhahiri: msuko hukipamba kilichopo, mkorogo hukikana. Ikiwa tutaukubali urembo kuwa sanaa, hapana budi tuwe tayari pia kusema ni upi ulio mbaya na kwa nini.

Hapa inafaa tujitazame sisi walimu. Katika riwaya mbili tuzijuazo sana, *Rosa Mistika* ya Euphrase Kezilahabi (1971) na *Utengano* ya Said Ahmed Mohamed (1980), msichana aliyefungiwa huja kuanguka atokapo nje. Madarasani mara nyingi tumewafundisha wanafunzi kwamba mapambo, matembezi na furaha ndivyo vilivyowaangusha Rosa na Maimuna. Huo ni usomaji wa pupa. Waandishi wote wawili wameweka uzito mkubwa wa lawama juu ya baba: Zakaria mlevi na mkali, na Maksuudi aliyeigeuza nyumba kuwa gereza. Wasichana hao hawakufundishwa kupima furaha, kwa kuwa walinyimwa hata ile iliyo ndogo na halali. Tukizisoma hivyo, riwaya hizi zinautetea msuko na matembezi ya jioni, badala ya kuvishitaki.

Na matembezi yenyewe? Nakivale kuna ziwa lenye jina hilohilo, na ukingo wake ni mahali pa kununua samaki na pa kupunga upepo pia. Mto Rwizi upitao Mbarara huyapeleka maji yake katika mtandao wa maziwa na vinamasi ambamo Ziwa Nakivale limo. Mwaka 2006 vinamasi vya Mburo na Nakivale viliingizwa katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa. Kwa hiyo aendaye mjini Mbarara kutoka makazini, ajue asijue, anaufuata mto kinyumenyume. Mbarara, iliyopewa hadhi ya jiji mwaka 2020, humpa maduka, saluni na hoteli za chakula. Na akiweza kufika Biharwe, kwenye barabara ya Masaka, atakuta kituo cha utamaduni cha Igongo pamoja na makumbusho yake.

Makumbusho hayo yanatupa hoja kubwa ya makala haya. Humo vyombo vya nyumbani vya Ankole, mathalani vyungu vya maziwa vilivyochongwa kwa mti na kufunikwa kwa vifuniko vilivyosukwa, hutazamwa kama sanaa, na inastahili hivyo. Lakini kinu cha sombe kilichomo katika nyumba ya udongo kule Nakivale hutazamwa na mgeni kama dalili ya shida. Vyote viwili vimechongwa kwa mti. Vyote viwili vimezaliwa na haja ya chakula. Kinachovitenga ni macho ya mtazamaji, ambaye amekwisha kuamua kwamba mwenyeji ana utamaduni na mkimbizi ana mahitaji.

Huenda msomaji akatupinga kwa kusema kwamba kusifu mapishi mahali penye njaa ni dhihaka. Pingamizi hili ni zito. Mwaka 2023 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, kwa upungufu wa fedha, lilipunguza mgao wa wakimbizi walio wengi nchini Uganda. Na mwaka 2025 watu kama milioni moja waliondolewa kabisa katika mgao huo. Asiye na unga hashibi kwa makala ya uhakiki. Nasi hatusemi kwamba furaha ni ushahidi wa shibe; anayeitumia hivyo anadanganya. Tusemalo ni kwamba mgao unapokatwa hakipungui chakula tu. Yapungua mawese, inaachwa sherehe, na jirani hakaribishwi tena. Asiyejua kwamba vitu hivyo vilikuwapo hataweza kuihesabu hasara hiyo. Atahesabu kilo pekee.

Jambo hili lahusu pia mustakabali wa lugha yetu. Nchini Uganda Kiswahili kilitangazwa kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, wakati wa utawala wa Idi Amin, lakini masikioni mwa raia wengi kikabaki kuwa lugha ya kambi za askari na ya amri. Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliamua kwamba kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Amri ya kukifundisha yaweza kutolewa Kampala. Hamu ya kukisema haiwezi kutolewa kwa amri. Lugha hupendwa pale inaposemwa kwa tamu, na Nakivale inasemwa hivyo kila siku, penye moto na penye kitana.

Basi twapendekeza kwamba mwalimu afundishapo nyakati na ngeli asiishie kwenye mifano ya "askari anakuja". Amwombe mwanafunzi aeleze hatua kwa hatua jinsi mama yake apikavyo. Humo atapata hali ya mazoea, kauli ya kutendwa na viunganishi vya wakati, vyote katika habari ambayo mwanafunzi anaijua kuliko mwalimu. Na mtoto akisema "bugali" au "sombe", asikatwe kalamu nyekundu. Aandikiwe pembeni "ugali" na "kisamvu", ili awe na maneno mawili mahali pa moja. Kisha aulizwe swali ambalo uhakiki wote huanzia hapo: kilikuwa kitamu kwa sababu gani?